Kengele ya Mama

Mganga hajigangi. Wengi hudhani methali hii inawahusu wenye vibuyu na hirizi tu, kumbe inamhusu kila fundi: mkono uliozoea kutibu maradhi ya watu husahau donda la nyumbani. Aliyeijua maana yake kwa uchungu ni fundi mmoja wa mtandao, ambaye majirani walimbandika jina la Waya.

Waya alikuwa hodari wa kazi yake, wala hakuwa mchoyo wa kujisifu. Ilikuwa nadra kupata nyumba mtaani ambayo hakuingia na ngazi yake kufunga ruta, kile kisanduku cha kurushia mtandao. Yeye aliishi na mkewe, mshonaji aliyeweka cherehani sebuleni, pamoja na mama yake mzazi, ambaye magoti yalikuwa yamemsaliti. Chumba cha mama kilikuwa nyuma, na kelele za cherehani zilimeza sauti yake. Kwa hiyo Waya alimwekea ukutani, kando ya kitanda, kengele ndogo ya mtandao, kubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Mama akibonyeza, simu ya mwanawe na ya mkwewe hulia.

"Sasa, mama, hata nikiwa juu ya paa la watu, wewe niite tu," alimwambia.

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka.

Siku moja Waya alileta nyumbani ruta mpya yenye kasi ya ajabu, akaing'oa ya zamani. Mtandao wa zamani ulikuwa ukiitwa "Kwa Mama". Huu mpya akauita "Waya Mkuu", ili majirani wauone kwenye simu zao na wajue bingwa ni nani. Aliunganisha simu, akaunganisha runinga, akajipongeza. Kengele haikumjia akilini hata kidogo.

Jioni ile mama alibonyeza, akitaka kuinuliwa. Hakuja mtu. Akabonyeza tena, akasubiri, mwisho akajikokota mwenyewe huku ameshika ukuta. Kesho yake ikawa yale yale. Mama hakulalamika. Mtu mzima akihisi amechokwa hanyooshi mkono tena, na tangu siku hiyo alivumilia kiu yake kimya kimya.

"Mama siku hizi hatuiti," mke wa Waya alisema. "Nadhani magoti yamepata nafuu."

"Tushukuru," Waya alijibu, macho kwenye simu.

Asubuhi moja mama alimwita mwanawe alipopita mlangoni. "Mwanangu, leo jioni nipeleke kwa dada yako. Nimekaa hapa vya kutosha."

"Kwani kuna nini, mama? Nani amekuudhi?"

"Hakuna. Mgeni hata apendwe vipi, huaga."

Mgeni! Neno hilo lilimchoma Waya, akaenda nalo kazini. Siku hiyo alikuwa akimbadilishia ruta mwalimu mstaafu. Alipomaliza, mwalimu alimwonyesha kamera ndogo ya mlangoni.

"Fundi, mbona hii inapepesa taa tu? Imekufa?"

Waya akacheka. "Haijafa, mwalimu, ni nzima kabisa. Bado inautafuta mtandao wa zamani. Inaita, inaita, hakuna wa kuitikia. Ndiyo maana wateja wangu nawaambia kila siku: ruta mpya ipeni jina na neno la siri la ile ya zamani, vifaa vidogo vitarudi vyenye..."

Akaitazama tena ile taa inayopepesa.

"Vipi, fundi?"

"Nisamehe, mwalimu, nitarudi. Kuna mtu nyumbani ananiita."

Alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba miguuni. Ukutani, taa ya kengele ilikuwa ikipepesa. Waya alipiga magoti.

"Mama, uliibonyeza?"

"Hadi kidole kikachoka. Nikasema, mwanangu ana shughuli. Baadaye nikasema, mwanangu amenichoka."

Waya alilia bila kujificha. Alimweleza kosa lake lote, kisha akaingia kwenye ruta, akafuta "Waya Mkuu" na kurudisha "Kwa Mama" na neno la siri la awali. Ruta ikazimika, ikawaka. Baada ya kitambo, taa ya kengele ikatulia.

"Jaribu, mama."

Kidole cha mama kilisita hewani. Aliogopa kuita mara nyingine asiitikiwe. Kisha akabonyeza.

Simu ya Waya ililia mfukoni. Sebuleni cherehani ikanyamaza, na mkwe akaja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Abee, mama!"

"Naam, mama," alisema Waya, bado yuko magotini.

Mama aliwatazama wote wawili, akausukuma mkoba kwa mguu. "Toeni nguo zangu humo. Na wewe, mtaa mzima umeuunganisha, mimi ukaniachaje?"

Waya aliufungua mkoba, akaanza kutoa nguo moja moja. Hakika, mganga hajigangi.