Kwa Nini Msikilizaji Huitikia "Ehe"

Zamani hizo kusikiliza hakukuwa na sauti. Adabu ya msikilizaji ilikuwa kufumba mdomo na kutikisa kichwa. Mtu akizungumza, vichwa viliinama kama mashuke ya mtama, na kila mwenye kichwa alihesabiwa kuwa amesikia. Wengi walikuwa wamesinzia. Waliobaki walikuwa wakifikiria chakula. Adabu, hata hivyo, ilikuwa imetimia.

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa, na visima vya mji vikageuka chumvi. Palikuwa na kisima cha maji matamu kilichofukiwa zamani, na aliyekijua ni mmoja tu, Bi Mwanaate, kikongwe asiyeona. Watu wakakusanyika, akawaeleza mchana kutwa: waanzie wapi, wapinde wapi, jiwe gani waligeuze. Wakatikisa vichwa, wakashukuru, wakaenda zao. Kulipokucha kila mmoja alibeba jembe akamfuata mwenzake, akiamini huyo wa mbele ndiye aliyesikia. Wakauzunguka mji mzima, wakarudi na vumbi. Watoto wakawa wanalamba mitungi mikavu.

Mzee Shekue, mkuu wa mji, akawaongoza watu kwenda kuomba waelezwe tena.

"Jana nilizungumza na nani, baba?" akauliza Bi Mwanaate.

"Na sisi, bibi. Tulikuwapo wote."

"Mlikuwapo, hilo sikatai." Akakohoa. "Sauti yenyewe inaniishia. Leo kila nikitua nataka nisikie mtu. Vichwa vyenu mimi sivioni, na wenye macho ndio wanaohadaika navyo."

Akaanza. "Mtaupita msikiti."

"Ehe," akaitikia Mzee Shekue.

"Mtashuka bondeni."

"Ehe."

"Mtapanda mnazi, mchimbe huko juu."

"Ehe."

Watu wakaangua kicheko. "Panda wewe, mzee," mwanamke mmoja akamwambia, "sisi tutakuletea ndoo."

Mzee Shekue akaona haya, akasogeza kigoda karibu. Kikongwe akaanza upya.

"Mtashuka bondeni."

"Ehe. Kwa upande gani, bibi?"

"Haya," akasema Bi Mwanaate, "sasa nina mtu."

Jua halijatua, watoto walikuwa wameshakunywa.

Na tangu siku hiyo, kwetu mtu haelezi jambo mbele ya watu walio kimya. Hutua, akangoja "ehe," na akiona imekuja upesi mno, hungoja swali pia. Hata leo, ukinyamaza kidogo kwenye simu, wa upande wa pili huikata habari yake, hata iwe tamu vipi, akakuuliza: "Upo?"