Somoe na Ubao wa Mwanawe

Sogeeni, wajukuu zangu, kaeni. Nikisema, "Ya kale?" itikieni, "Yalikuwapo!" Nikisema, "Na wa kale?" itikieni, "Wamepita!" Haya. Ya kale? Na wa kale? Vyema. Atakaye kucheka na acheke sasa, kwa maana mbele ya kisa hiki hakuna kicheko.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, mosi ya mwezi wa Shawali, saa mbili na robo asubuhi, Idi yenyewe. Mawingu yalikuwa yameyalalia mapaa ya makuti ya mji wa Kizimbwi, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila upepo. Saa hiyo Somoe, mjane wa Ngwali, alitoka nyumbani kwake akiwa ameukumbatia ubao kifuani, ameufunika kwa upindo wa shuka usilowe. Ulikuwa ubao wa chuoni, ule ambao mtoto huandikia aya kwa wino wa masizi, akishahifadhi akauosha, akaandika nyingine.

Sikilizeni desturi ya mji huo, maana asiyeijua hatayaelewa machozi ya Somoe. Kizimbwi hawakupeana kitu kipya siku ya Idi. Kitu kipya, walisema, hakina mtu ndani yake. Walipeana vilivyokwisha kutumika: kinu, jamvi, kiti, sinia la shaba, mbuzi ya kukunia nazi. Baada ya sala ya alasiri mji wote ulikusanyika uwanjani, na kila aliyepokea akasimama, akainua alichopewa, akaitaja mikono iliyokishika tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Kila jina la marehemu likaombewa dua. Pasipo na kitu mkononi, jina halikutajwa. Na mfiwa hakuruhusiwa kumtaja maiti wake mwenyewe. Ilimpasa apatikane mtu wa kupokea. Kitu cha maiti kisipopokewa katika Idi ya kwanza baada ya kifo, jina lake huwekwa chini, halitajwi tena, si mwaka ule, si mwaka wowote.

Kombo, mtoto pekee wa Somoe, alikufa kwa homa mwezi wa Rajabu akiwa na miaka tisa. Nguo zake na mkeka wake vilichomwa moto. Kilichosalia ni ubao. Mnaona, wajukuu zangu? Mama yule alikuwa na kitu kimoja na siku moja.

Miaka mingine, ubao kama ule ungegombewa. Lakini siku kumi na mbili kabla ya Idi hiyo alifika mfanyabiashara mgeni na punda kumi na wanane, akatandaza sahani za bati zilizochorwa maua mekundu. "Siku ya furaha mnapeana makuukuu?" akawauliza. "Nileteeni kikuukuu kimoja, mchukue kipya kimoja. Sitaki zaidi." Wa kwanza kupeleka alikuwa Jumbe Mcha, mkuu wa mji, kaka yake Somoe. Alipeleka kiti cha marehemu baba yao, akarudi na sahani. Jumbe akishavuka, nani abaki ng'ambo? Walivuka wote, na Idi hiyo zikabaki sahani tu za kupeana.

Basi Somoe alianza kwa kaka yake.

"Kaka, Idi njema. Nimekuletea hidaya."

Jumbe alikitazama kilichofunikwa, akatazama mlangoni kama kuna mtu anayewaona. "Somoe, ndugu yangu, wageni watakuja kula hapa. Niwaonyeshe kipande cha mbao?"

"Ni ubao wa mpwa wako. Mtaje jina lake, kaka."

"Nimemlilia Kombo, wewe shahidi. Lakini tumekwisha kutoka huko. Mji umeng'aa, nawe unaturudisha jivuni. Ngoja wifi yako akupe sahani, tunazo mbili."

"Sahani nitamlisha nani?"

Somoe akatoka.

Saa tatu na nusu alibisha kwa jirani yake, Kidawa, ambaye mwanawe alikuwa aanze chuo mwezi ule.

"Hodi, shoga yangu."

"Karibu, sh..." Kidawa aliuona ubao, akasimama katikati ya mlango. "Huo ndio ule?"

"Ndio ule. Nimeuosha mara saba, nikauanika siku tatu."

"Somoe, una wazimu? Mtoto kafa kwa homa, uniletee homa kwa mwanangu? Mpelekee asiye na watoto!"

"Asiye na watoto atauandikia nini?"

"Basi ukae nao! Kwani lazima kila mmoja wetu afiwe ndipo uridhike?"

Maneno mazito hayo, wajukuu zangu. Kidawa mwenyewe aliyasikia yakimtoka, lakini mlango alikuwa amekwisha kuufunga.

Somoe alibisha milango mingine kumi na saba. Kila alipobisha, sahani yenye maua ilikuwa imetundikwa ukutani.

Saa sita kasoro robo akafika penye punda. Mfanyabiashara alikuwa akikaza kamba za mwisho. Yeye hakuucheka ubao. Aliupokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ukingo uliolainishwa na viganja vya watoto.

"Mbao ya mninga hii," akasema taratibu. "Miaka mia, au zaidi. Mama, chagua sahani tatu."

"Utayataja majina?"

"Majina gani?"

"Ya walioushika."

"Mimi nitakokwenda, mama, hakuna atakayeniuliza."

Somoe akaunyakua, akaufunika tena. Punda wakaondoka.

Baada ya alasiri watu walikusanyika. Jumbe Mcha akasimama wa kwanza, akainua sahani aliyopewa na shemeji yake. Maalim, mwombaji dua wa mji, akamuuliza kama ilivyo ada:

"Imeshikwa na nani?"

"Na shemeji yangu."

"Na kabla yake?"

"Mfanyabiashara."

"Na kabla yake?"

Kijana mmoja akadakia, "Kabla yake punda!" Wakacheka. Akasimama wa pili, wakacheka kidogo. Akasimama wa tatu. Wa tisa aliposimama, hapakuwa na anayecheka. Maalim alikuwa amekunjua viganja vyake, na dua haikuwa na pa kutua. Hapo mzee mmoja akapiga ukelele: "Baba yangu! Nimempeleka baba yangu!" Wanaume wakatimka mbio kuifuata njia ya punda. Walirudi wakiwa wamelowa. Mvua ilikuwa imezifuta nyayo zote.

Somoe alikuwa ameketi pembeni, ubao mapajani. Mtu akaja akasimama mbele yake. Alikuwa Kidawa.

"Nipe," Kidawa akasema.

"Asubuhi ulisema ubao huu una homa."

"Nilisema. Mbuzi ya mama yangu nimeitoa kwa sahani, Somoe. Mama yangu hatajwi tena, nami ndiye niliyemnyamazisha. Wako asinyamazishwe na mimi. Nifundishe majina."

Somoe akamnong'oneza majina ya walioandikia ubao ule, toka babu wa mumewe hadi mwanawe. Kidawa akasimama katikati ya uwanja, akauinua ubao, akayataja kwa sauti isiyotetemeka. Jumbe Mcha aliinamisha uso. Somoe hakufurahi, msidhani alifurahi. Alilia kwa ajili ya mwanawe, akalia kwa ajili ya baba yake, ambaye kiti chake kilikuwa mgongoni mwa punda.

Wajukuu zangu, sahani hupatikana hata kesho. Kilichoshikwa na waliotutangulia hakitengenezwi tena. Mkitaka kumheshimu mtu siku ya Idi, mpeni kilichoishi, na mwambieni kiliishi na nani.

Kisa changu nakitua hapa. Aliyekipokea na akishike, na akimpa mwenziwe aseme kimetoka kwa nani. Na atakayeuliza ni majina mangapi ya marehemu yaliyotajwa mwaka ule katika mji mzima wa Kizimbwi, ahesabu nami kwa vidole: Makame, Hamadi, Ngwali, Kombo. Manne.