Foronya ya Zuhena

Mama mmoja wa milimani alikuwa na wakamwana wawili: Zuhena, mke wa mwanawe mkubwa, na Mwanjaa, mke wa mdogo. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Siku ya kwenda kupasuliwa hospitalini ilipofika, alimpa kila mmoja foronya nyeupe na nyuzi za rangi zilezile. Alitaka wamtarizie maua ya msimu wa baridi, wakati mipeasi inapopukutisha majani na bustani inageuka manjano na rangi ya kutu. Miaka sita hakuwa ameyaona. Akirudi, alisema, atataka ayaone hayo kwanza, kisha ayalalie.

Wakati wa kuagana alimshika Mwanjaa mkono kabla ya Zuhena. Hilo tu. Lakini Zuhena aliondoka nalo kifuani, likamchoma njia nzima.

Kati ya hao wawili, Zuhena ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Ua lake la kwanza lilikaa vizuri mno, limeinama kwa kunyauka, jani moja linaanguka pembeni. Angeliacha hapo, nisingekuwa na la kuwaambia leo. Ila jioni alipita barazani kwa Mwanjaa, akijifanya anaomba chumvi, akaona mwenzake amechanganya nyekundu na kahawia kwenye jani. Wivu ukamkaba. Alirudi nyumbani, akafumua ua lake lote, akaanza upya kwa nyekundu na kahawia. Kesho yake akaenda tena kuchungulia. Mwanjaa alikuwa ametarizi shina la manjano, tena limepinda, wala hakujali, alikuwa ameshafika kwenye jani linalofuata. Zuhena akaenda kufumua. Ikawa hivyo wiki nzima, mahali palepale pa kitambaa. Usingizi haumjii, chakula hakishuki, na anamchukia mtu ambaye hana habari naye. Msimcheke. Wengine wetu tumefanya hivyo kwa miaka.

Asubuhi ya siku ambayo mama angerudi, Zuhena alichoma sindano na kitambaa kikaachia. Tundu lilifunguka, likatosha kupitisha vidole viwili.

Mama alifika akiona. Alipokea foronya ya Mwanjaa, akafuata lile shina lililopinda kwa kidole, akacheka kwa furaha. Kisha akaomba ya Zuhena. Aliitandaza mapajani, akapapasa ukingo wa tundu.

“Mwanangu, hapa palikuwa na ua gani?”

Zuhena alifungua kinywa. Alilitafuta ua lake, lile la siku ya kwanza, asilikumbuke. Maua ya Mwanjaa aliyakumbuka yote, jani kwa jani. Akalia mbele ya watu.

Basi nawauliza ninyi mlioketi hapa: aliyekupa kitambaa akirudi leo, utamwonyesha ua lako, au utamsimulia la jirani?