Aya ya Mwisho ya Bi. Salvina

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani za majini na masultani, nasema zamani hii ya juzijuzi, watu walipokuwa bado wanafungia maandazi kwa magazeti, palikuwa na mwanamke aitwaye Salvina Mkude.

Salvina alikuwa mwandishi wa gazeti katika mji mmoja wa reli. Wenzake waliandika mpira. Wenzake waliandika siasa. Wenzake waliandika nani kafumaniwa na nani. Salvina aliandika kustaafu na kodi. Mnacheka? Hata wenzake walicheka. Akirudi kutoka mkutano wa watu wa kodi, macho yamemwiva kwa kusoma sheria, walimuuliza, "Bi. Salvina, leo umetuletea usingizi gani?" Naye anakaa, anaandika.

Aliichukua sheria ya wakubwa akaigeuza maneno ya sokoni. Mwalimu anayestaafu akaelewa. Mpishi wa hospitali akaelewa. Mjane aliyekatwa kodi isiyo yake akaelewa, akaenda dirishani kwa watu wa kodi akapiga kelele mpaka akarudishiwa. Ujana wake wote Salvina aliumalizia kwenye safu hiyo moja ya gazeti.

Ikawa ndiyo desturi ya mji ule. Watu wakibishana juu ya mafao, mmoja anauliza, "Salvina kasema?" Mwingine akijibu, "Kasema," basi, mabishano yamekwisha. Hebu fikirini. Watu wazima wenye mvi zao wanaukabidhi uzee wao kwa mwanamke ambaye hata hawajawahi kusalimiana naye. Mimi ningehama mji. Yeye alijivuna kidogo, na ningekuwa mwongo nikisema hakujivuna.

Basi ikatoka sheria mpya. Anayestaafu achague. Ama achukue mafao yote kwa mkupuo, akatwe kodi mara moja, aagane na mfuko wa pensheni. Ama apokee kidogo kidogo kila mwezi mpaka afe. Ukishachagua umechagua, hakuna kurudi nyuma.

Salvina akaandika. Akaeleza mkupuo, akaeleza kila mwezi. Akaonyesha kodi ya huku na kodi ya kule, na kwa upande wa kodi mkupuo ulionekana mtamu. Halafu mwisho, mwisho kabisa, kwenye aya ya mwisho, akaandika onyo. Wewe mwenye mke au mume anayekutegemea, usiguse mkupuo. Ukichukua kila mwezi kisha ukafa, mwenzako ataendelea kupokea. Ukichukua mkupuo kisha ukafa, mwenzako hapati hata senti.

Kwa nini onyo kubwa namna hiyo aliliweka mwisho? Kwa sababu mhariri alikwishamwambia, "Salvina, ukianza na kifo watu wanafungua ukurasa wa mpira." Akataka kwanza wasome, ndipo awaogopeshe.

Sasa sikilizeni kazi ya gazeti ilivyo. Habari ikizidi nafasi, hukatwa kutoka chini. Haiulizwi, haisomwi, inakatwa mkia. Kila mwandishi anajua. Salvina alijua kuliko wote, maana mikia yake ilikatwa tangu alipoanza kazi.

Siku hiyo tangazo la magodoro likaja limechelewa. Msanifu wa kurasa alikuwa Gervas Nyoni, mtu mpole, baba wa watoto watano. Gervas akautazama ukurasa, akalitazama tangazo. Tangazo ndilo lililolipa mishahara. Akakata mkia, akaenda kula.

Salvina alipoliona gazeti asubuhi, aya ya mwisho haipo. Akamwendea mhariri, akaomba, akagombana, akalia. Wiki iliyofuata onyo likatoka peke yake pembeni, dogo. Lakini Mzee Mfaume alikuwa ameshachagua.

Mzee Mfaume alikuwa fundi breki wa mabehewa. Ndiyo kwanza amestaafu, yeye na mkewe Bi. Chausiku, hawana mtoto, wanakaa nyumba ya kupanga. Ile makala aliisoma kwa sauti, mkewe akiwa anachambua mchele. Akafika kwenye kodi akafurahi, akaona imekwisha, akalikunja gazeti.

"Mke wangu, tuchukue mkupuo."

"Salvina kasema?"

"Kasema."

Ni kweli alikuwa amesema? Alisema kodi ya mkupuo ni nafuu. Hakusema chukueni. Lakini Mzee Mfaume alijibu vile anavyojibu mtu ambaye ameshaamua. Na kwa kuwa mkupuo hautolewi bila ridhaa ya mke, Bi. Chausiku akafuta mikono, akaenda naye kwenye mfuko, akatia sahihi. Hakuuliza neno jingine.

Hazikupita siku nyingi figo za Mzee Mfaume zikakataa kazi. Akawa mtu wa kusafishwa damu. Kila wiki hospitali, kila wiki pesa. Mkupuo wote ukaenda huko. Akaishi mwaka na kidogo. Wakagombana, wakacheka, wakala pamoja kwenye sinia moja. Pesa ilipokwisha, naye akaisha.

Bi. Chausiku akatoka edani, akaenda dirishani kwa watu wa mfuko. Karani akamtazama kwa huruma. "Mama, mzee alichukua mkupuo. Hapa huna kitu. Angechukua ya kila mwezi, ungekuwa unapokea mpaka leo." Mwenye nyumba naye alikuwa ameshamwambia mwezi ukiisha atoke. Mwezi ulikuwa unaisha. Bi. Chausiku hakwenda nyumbani. Akauliza njia ya kwenda kwenye gazeti.

Huko akakuta watu wanakunywa soda. Salvina naye alikuwa anastaafu siku hiyo hiyo. Amevaa gauni jipya, amepewa keki, wanamsifu. Bi. Chausiku akasimama mlangoni, akajitaja, akaeleza yote, tangu mchele mpaka kaburi. Soda zikawekwa chini.

"Sikuja kulaani mtu," akasema. "Nimekuja kuuliza. Sina pa kulala mwezi ukiisha. Nani kanifanya hivi?"

Salvina akasema, "Mimi sikukuficha, dada yangu. Onyo nililiandika kwa mkono wangu huu. Mwenye kukata ni Gervas."

Gervas akasema, "Mimi sikukuficha, mama yangu. Nilikata mkia kama ninavyokata kila siku. Bi. Salvina anajua cha muhimu hukaa juu. Mwenye kukiweka chini ni yeye. Na mzee, Mungu amrehemu, akaongeza neno ambalo halikuandikwa."

"Mume wangu hayupo kujibu," akasema Bi. Chausiku.

"Basi wewe upo, mama. Sahihi ni yako. Ungeuliza pale dirishani, ungeambiwa."

"Niulize nini? Mji mzima hauulizi. Mlituzoeza nyinyi, kasema, kasema. Na mimi nilimwamini mume wangu, sikujua kuwa ni kosa."

Gervas akainamisha kichwa. Halafu akasema jambo ambalo wote walikuwa wanaliogopa. "Mama, nisamehe. Ile aya ingetoka, mzee angechukua kidogo kidogo. Na ile kidogo isingetosha kusafisha damu hata wiki mbili. Ungemzika mapema. Huo mwaka wako umetokana na mkasi wangu."

Bi. Chausiku akakaa chini, pale pale sakafuni, kama watu wakaavyo msibani.

"Huo mwaka siukatai," akasema. "Ukinipa tena nitauchukua. Lakini nimeshaula, mwanangu. Sasa nitaishi kwa kutegemea nini?"

Gervas alikuwa na mshahara, na mshahara wake ulikuwa na midomo mitano nyuma yake. Mhariri alitazama dirishani, na huyo mhariri mimi namjua, mpaka leo anatazama dirishani.

Ndipo Bi. Chausiku akamgeukia Salvina. "Na wewe leo unastaafu. Unachukua ipi?"

Salvina alikuwa bado hajapeleka jibu lake, alikusudia kulipeleka alasiri hiyo kabla dirisha halijafungwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Ya kila mwezi."

"Una mume?"

"Sina."

"Una mtoto?"

"Sina."

"Basi hakuna utakayemwacha na shida. Kwa nini usichukue yote?"

Salvina akalia mbele ya keki yake. Maisha yake yote alikuwa ameandika juu ya jambo hili, na hakuwahi kulisema kama alivyolisema wakati ule. "Kwa sababu naogopa. Naogopa nitaishi sana, na sitakuwa na kitu."

"Na mimi naogopa hilo hilo," akasema Bi. Chausiku.

Wakatazamana, wanawake wawili wa rika moja. Na wote mle ndani wakaelewa. Pesa ya Salvina ya kila mwezi ni ya tumbo moja na chumba kimoja, haigawanyiki. Akichukua mkupuo akamkatia Bi. Chausiku nusu, huyu atapata pa kulala, lakini nusu ya mkupuo huisha, na hapo wote wawili watakuwa vikongwe wasio na kitu. Akichukua ya kila mwezi, mmoja amepona na mwingine analala nje kuanzia mwezi ukiisha. Salvina akachukua mkoba wake, akatoka, akaelekea kwenye mfuko. Bi. Chausiku alibaki amekaa pale sakafuni.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua, na nimechoka kukibeba peke yangu. Mfaume aliongeza neno, lakini alikufa. Gervas alikata, lakini ndivyo alivyofundishwa, na mkasi wake ulizaa mwaka. Chausiku alitia sahihi, lakini aliamini. Salvina aliliweka onyo chini huku akijua chini hukatwa, lakini ndiye pekee katika mji ule aliyeliandika. Dirisha la mfuko linafungwa alasiri, na mzee mmoja, au wawili, lazima wabaki mikono mitupu. Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka pale mwanzo, semeni. Je, nani alistahili kubaki hivyo?