Uzi wa Chini

Mwanamke mmoja alikuwa na cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na mama yake. Jina lake Nasikiwa, na hakujua kumwambia mtu hapana. Kwaya ikitaka sare, ni yeye. Jirani akioza binti, ni yeye. Watu walimsifu, na sifa zilimchosha kuliko kazi, maana kila aliyemsifu alikuja na kitambaa kingine kwapani.

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu huonekana na kila mtu. Wa chini hukaa kwenye bobini, kijigurudumu kilichofichwa chini ya sindano, nao ndio unaoushika wa juu. Ukiisha, sharti ulegeze gurudumu kubwa, sindano itulie, ndipo ujaze bobini. Wakati huo hushoni kitu. Nasikiwa aliona haya kuonekana hashoni na watu wamekaa wanasubiri. Basi akawa anajaza nusu, pengine robo, kisha mbio kwenye mshono.

Binti yake Elinami alikuwa apokee kipaimara Jumapili. Gauni lake likawekwa mwisho, kwa kuwa wa nyumbani hana makuu. Jumamosi alasiri, sare zote zimekwisha kuchukuliwa, Nasikiwa akaketi kulishona, mgongo unauma, macho yanawasha. Katikati ya mshono wa ubavuni bobini ikaisha. Hakujua. Aliendelea kukanyaga, sindano ikapanda na kushuka, uzi wa juu ukajilaza kwenye kitambaa bila kushikwa na kitu. Kwa macho yake yaliyochoka, ulikuwa mshono. Akalipiga pasi, akalitundika.

Asubuhi Elinami alilivaa. Alipoinua mkono kujifunga kitambaa kichwani, ubavu ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni. Nje kwaya ilikuwa inapita kwenda kanisani, sare zimewakaa vizuri, hakuna hata moja iliyofumuka. Binti hakulia. Aliushika uzi ulioning'inia, akauvuta, ukatoka wote.

“Mama,” akasema, “mimi umenishonea uzi wa juu tu.”

Nasikiwa alitaka kumwambia kwamba amechoka. Lakini alijua aliyemchosha si huyu. Akakaa kitandani, akalipakata lile gauni, na uchungu ukamjaa.

Ninyi mnaosifiwa na wengi, wa nyumbani kwenu wamevaa nini?