Maji ya Lemi

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na mama mkwe wangu, Bi Zuena, akinikanda kwa maji ya moto baada ya kujifungua.

Hapo zamani, mgeni mja mzito alianguka kando ya kisima, akajifungua mtoto wa kike. Kisimani walikuwapo wanawake wawili, Nasero mfugaji na Chausiku mfinyanzi. Hakuna aliyeijua lugha yake. Mgeni akawanyooshea mtoto, akasema neno moja tu, "Lemi," akakata roho.

"Kwetu lemi ni nyonyesha," alisema Nasero. "Neno hilo tulilitoa kwenye mlio wa ndama." Naye alikuwa na mtoto mchanga. Akampakata yatima, akampa titi.

"Huko kwenu!" alisema Chausiku. "Kwetu lemi ni joto linalobaki tanuri likizimika." Akamfunga kifuani, akaenda kulala naye.

Wakamwita Lemi. Alinyonya kwa Nasero, alilala kwa Chausiku, akakua, akaposwa.

Mila ya pale, bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mama yake amnyweshe maji kwa kiganja. Mama mmoja, kiganja kimoja.

"Mifupa yake ni maziwa yangu," alisema Nasero.

"Ulimpa titi ukarudi kwa ng'ombe zako! Alipougua surua, nani alikesha?"

Wakiwa katika kubishana, akaingia bibi mmoja na mkongojo. Habari za mgeni aliyefia kisimani na za bibi harusi aitwaye Lemi zilikuwa zimemfikia.

"Lemi ni jina langu," alisema. "Kwetu maana yake ni aliyebaki. Mwanangu hakuomba maziwa wala joto. Aliomba mtoto aletwe kwangu. Tangu alipoondoka, kila jioni napika chakula cha watu wawili."

Nasero akajibu taratibu, "Bibi, tusingesikia tulivyosikia, leo ungeonyeshwa makaburi mawili."

"Najua, wanangu. Ahsanteni. Lakini nina kiu naye."

Binti alisimama kizingitini. Mbele yake viganja vitatu vilijaa maji, na maji yalikuwa yanadondoka.

Je, nani alistahili kumnywesha?

Bi Zuena aliniuliza hivyo, nami nikamtazama mwanangu. Mama yangu yuko mbali, na mjukuu wake hajamwona.

Kesho yake asubuhi nilimpigia mama simu. "Haloo, nani mwenzangu?" aliuliza. Nikaisogeza simu mdomoni mwa mtoto, amsikie anavyopumua.