Kwa Nini Kilima cha Baba Pamuni Hupandwa Pekupeku

Nyinyi mnaolalamika kwamba mchanga unawachoma, kaeni kitako mpoze nyayo, niwaeleze adabu hii tuliitoa wapi.

Hapo kale, imani ya Kristo ilipokuwa bado changa katika nchi hii ya Misri, kilima hiki hakikuwa na msalaba wala mshumaa. Aliyetaka kukipanda alikipanda na viatu vyake, na wengi hawakutaka, maana huku juu hapakuwa na kitu ila mawe, nge na pango moja. Pangoni aliishi Baba Pamuni, mzee aliyeuacha ulimwengu ili asali peke yake. Ulimwengu nao ulikuwa umemsahau kabisa, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo alikuwa Taesi, mjane wa Pelau, kijiji hicho mnachokiona pale chini. Kila Jumamosi alimpandishia mzee mikate mitano mikavu na mtungi wa maji. Alivitua mbele ya jamvi lililoziba mlango wa pango, kisha akachukua kikapu cha ukindu ambacho Baba Pamuni alikuwa amekisuka wiki nzima, akakibadilishe na unga sokoni. Hawakuonana uso kwa uso. Walizungumza kupitia jamvi.

"Ngano imechanua, dada Taesi?"

"Imechanua, Baba."

"Mungu ashukuriwe. Na lile goti lako?"

"Bado ninalo."

Mzee alicheka, na Taesi akateremka na kicheko hicho hadi nyumbani, kikamtosha mpaka Jumamosi nyingine. Miaka ishirini na sita ilipita hivyo. Ah, siku zile! Kilima kilikuwa kimya hata ungeweza kusikia ukindu ukisuguana mle ndani. Siku hizi mnakuja na ngoma na watoto na kuku wa kukaanga, wala siwakatazi, lakini kimya kile sitakipata tena na ninakitamani, ingawa nimesimuliwa tu.

Basi Baba Pamuni akaugua. Wakati huo watu walikuwa wameanza kuwapenda watakatifu kwa pupa. Ng'ambo ya mto alikuwa amefariki mzee mwingine wa pangoni, na vijiji viwili vikamgombania kwa marungu. Kimoja kiliondoka na kichwa, kingine na mikono, na ndevu zake zikagawanywa mafungu mafungu kama mboga. Walioyafanya hayo walikuwa wakilia kwa mapenzi.

"Dada Taesi," mzee alisema nyuma ya jamvi, "shimo nimelichimba mwenyewe kando ya njia. Nikifa nifukie, halafu usimwonyeshe mtu. Nilikuja huku nikae peke yangu. Wasije wakanigawana."

Taesi aliapa. Jumamosi moja asubuhi aliuliza habari za usiku asijibiwe, akalifunua lile jamvi kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alimvuta juu ya jamvi hilo hilo hadi shimoni, akamfukia, akasawazisha mchanga na kupanga mawe ovyo ovyo pasionekane kitu. Kijijini alisema tu kwamba ameshamzika. Walimnunia wote, na aliyenuna zaidi ni Kolluto, mkuu wa kijiji, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye tayari alikuwa amechongesha sanduku la mawe la kumwekea mtakatifu.

Taesi aliendelea kupanda kila Jumamosi, mikono mitupu, kwa kuwa miguu yake haikujua kwenda kwingine. Lakini kila alipofika pale alipolala mzee, alivua viatu, akapita polepole, akavaa tena mbele. Hakuweza kumpitia rafiki yake na viatu. Hilo ndilo lililokaribia kumponza.

"Shemeji," Kolluto alimwambia siku moja, "nikiwa shambani nilikuona unainama kule juu. Kulikoni?"

"Kijiwe kiliingia kiatuni."

"Kila Jumamosi?"

Jumamosi iliyofuata Taesi alifika kule chini mwanzo wa njia, akainua macho, akaona mipini ya majembe imechomoza nyuma ya mawe. Walikuwa wanangoja ainame. Aliketi juu ya jiwe bapa akalia. Akivua viatu pale alipolala mzee, amewapa rafiki yake wamkatekate. Akipita navyo, amemkanyaga kama mchanga wowote.

Kisha akavivua hapo hapo alipoketi, akaviacha, akaanza kupanda. Jua lilikuwa limeshakolea. Nyayo zilimtoka malengelenge, asisimame wala asiharakishe, na pale mahali alipapita kwa mwendo ule ule mmoja. Alipofika pangoni, Kolluto alitokeza, jasho likimtiririka.

"Shemeji, mbona leo umevulia kule chini?"

"Siku zote nilichelewa kukumbuka adabu. Yumo humu kilimani. Wewe unajua umesimama wapi?"

Kolluto akatazama chini ya miguu yake. Kijana mmoja alitupa jembe kama limemuunguza, akavua viatu. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja, wakirukaruka kwa moto wa mchanga. Kolluto alivua wa mwisho, akashuka kwa ncha za vidole, viatu kwapani.

Taesi alifariki miaka mingi baadaye bila kupataja mahali pale. Na tangu siku hiyo hakuna anayepanda kilima hiki na viatu, awe askofu, awe mchunga mbuzi, kwa sababu hatujui ni hatua ipi inayompitia Baba Pamuni. Na lile jiwe bapa mlipoviacha viatu vyenu asubuhi hii, ndipo Taesi alipoketi akalia.